Upepo Ukianza Usiku: Hatua za Kuishinda Hofu kwa Imani

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa Kibirizi, Kigoma Mjini, nauza dagaa. Kijana wangu wa kwanza ni mvuvi, anaingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama mlangoni kwetu unaona taa za wavuvi zimetandaa majini kama mji mwingine. Upepo ukianza, kwanza bati la jikoni linagonga. Kisha taa zinaanza kupungua kule ziwani, na kila mama mwenye mtoto huko anaanza kuhesabu.

Usiku mmoja nilihesabu taa hizo tangu saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, mkono umeshika komeo la mlango. Nilikuwa nimeokoka miaka mingi. Nilibatizwa katika ziwa hilihili, na ndiye niliyekuwa nikiwafundisha akina mama wa kundi letu la Alhamisi. Lakini usiku ule sikukumbuka hata mstari mmoja wa Biblia. Kijana alirudi salama, amelowa chapachapa, akaomba chai. Mimi nilibaki na swali: imani yangu ilikuwa wapi?

Nimekuja kuelewa kwamba nilikuwa nasubiri hofu iondoke ndipo niamini. Nilidhani mtu wa Mungu haogopi. Siku hizi najua imani inaanza kazi hofu ikiwa bado imo kifuani, moyo bado unaenda mbio. Hatua ninazoandika hapa ndizo tunazofundishana kwenye kundi letu. Mara ya kwanza zifuate kwa mpangilio wake. Ukishazizoea, utajua mwenyewe ipi unaihitaji.

Hatua ya 1: Itaje hofu kwa jina lake

Wengi tukiulizwa tunaogopa nini tunajibu, "Naogopa tu." Hofu isiyo na jina ni kama moshi wa kuni mbichi, inaingia kila chumba na huwezi kuishika popote. Chukua daftari, hata la mtoto wa shule, uandike sentensi moja inayoanza na "Naogopa kwamba". Imalizie kwa jambo linaloonekana. Usiandike "naogopa maisha". Andika "Naogopa kwamba mwenye nyumba akija Jumatatu sitakuwa na kodi yake," au "Naogopa kwamba uvimbe huu kwenye titi ni saratani." Kuandika hivyo kunauma, lakini ukishaandika unajua unapambana na nini.

Dada mmoja wa kundi letu alisumbuliwa wiki tatu na kile alichokiita roho ya hofu. Tulimwombea, tukakemea, tukafunga naye, akaendelea kukonda. Siku moja tulikuwa tumekaa tunachambua dagaa, macho yapo kwenye ungo, akasema polepole kama anaongea na dagaa wenyewe kwamba amekopa kwenye kikoba kwa siri, mumewe hajui, na siku ya marejesho imebaki wiki moja. Siku ile ndipo maombi yetu yalipopata mahali pa kushika. Tulijua tumwombee nini, na tulijua pia nani aende naye kuzungumza na mumewe.

Katika Biblia, wa kwanza kusema ameogopa ni Adamu, Mwanzo 3:10, na papo hapo anasema alijificha. Kabla hajajibu hivyo Mungu alikuwa amemuuliza, "Uko wapi?" Mungu alijua alipo. Alimuuliza ili amtoe katikati ya miti. Ukiandika sentensi yako, unatoka mafichoni na kumjibu Mungu swali hilo.

Ukishaandika, jiulize: hofu hii inanituma nifanye jambo, au inanifunga nisifanye lolote? Si kila hofu ya kukemewa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 palipo na kina kirefu kuliko pote, na kwa kina ni la pili duniani. Mvuvi asiyeliogopa kabisa ni hatari kwa wenzake ndani ya mtumbwi. Hofu inayokwambia "leo usitoke, kusi limechafuka" ni ya kushukuriwa. Ile inayokulaza kitandani siku nne, huendi sokoni wala hospitali, hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Hatua ya 2: Utulize mwili

Hapa walokole wenzangu huwa tunaruka. Tunataka kuanza na maombi ya nguvu wakati mtu hajala tangu jana.

Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, lakini anasikia vitisho vya malkia Yezebeli na kukimbilia jangwani, anakaa chini ya mretemu, mti wa jangwani, na kuomba afe. Mungu hakumkaripia, wala hakumhubiria. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa akamwambia ainuke ale, na kulikuwa na mkate na chupa ya maji kichwani pake. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mazungumzo juu ya hofu yake yalikuja baadaye sana, mlimani Horebu, mwili ukiwa na nguvu.

Kwa hiyo moyo ukianza kudunda na viganja kutoa jasho, kaa chini. Miguu iguse sakafu, mgongo uegemee ukuta. Vuta pumzi polepole kwa pua, uitoe polepole zaidi kwa mdomo. Mimi natumia Zaburi 56:3. Nikivuta pumzi nasema moyoni "Siku ya hofu yangu", nikiitoa nasema "nitakutumaini Wewe". Fanya hivyo mara kumi, bila haraka. Mwili ukipumua taratibu, moyo nao hupunguza mbio. Ndivyo Mungu alivyotuumba. Angalia pia mstari wenyewe: Daudi anasema siku ya hofu *yangu*. Anakiri anayo.

Kisha kula kitu, hata uji. Ukiweza, lala.

Hatua ya 3: Omba maneno yako halisi

Baadhi ya wanafunzi wa Yesu katika Marko 4 walikuwa wavuvi, waliijua bahari ya Galilaya tangu utoto. Upepo ulipokuwa mkuu na maji yakaanza kujaa chomboni, Yesu alikuwa katika shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Sikiliza maombi yao: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Hapo hamna heshima wala sifa na kuabudu. Ni lawama tupu. Na Yesu aliamka. Alisema kwanza na upepo, "Nyamaza, utulie," ndipo akawauliza habari ya imani yao. Hakuwaacha wazame kwa sababu wameomba vibaya.

Mwambie Mungu ile sentensi uliyoandika kwenye daftari, kama ilivyo. "Baba, naogopa kwamba nitazikwa na kuwaacha hawa watoto." Ukishindwa kuendelea, tumia maneno ya yule baba katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Maombi hayo ni mafupi, na Yesu aliyajibu.

Halafu ongeza shukrani, maana Wafilipi 4:6 inataja kusali na kuomba *pamoja na kushukuru*. Usishukuru kwa jumla. Taja vitu vitatu vya leo: mtoto amerudi shule salama, jirani amenikopesha chumvi, mguu leo haujavimba. Akili iliyojaa hofu husahau kwamba kuna kitu hata kimoja kilichokwenda sawa, nayo shukrani huirudisha taratibu kwenye ukweli.

Hatua ya 4: Weka akiba ya Neno siku za shwari

Wa Kigoma wote tunaijua meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walipozidiwa vitani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na maadui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Meli ilikaa chini ya maji miaka hadi Waingereza walipoiibua mwaka 1924, na injini zile zikasafishwa zikafanya kazi. Mwaka 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba.

Ile grisi ilipakwa meli ikiwa bado inaelea, na mimi usiku ule sikuwa nimepaka. Nilijua Biblia ya ibada, ile unayofungua ukiambiwa sura na mstari, lakini sikuwa na neno lililokaa ndani. Hofu ikikushika kooni huwezi kujifunza mstari mpya. Unaambulia ule ulioweka zamani.

Chagua mistari mitatu, isizidi. Yangu ni Zaburi 56:3 niliyokwisha kuitaja, Isaya 41:10 inayosema "usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe", na 2 Timotheo 1:7: "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu, na ya upendo, na ya moyo wa kiasi." Wewe chagua yako. Andika kwenye kipande cha boksi, ubandike mahali ambapo macho yako yanapita kila siku: nyuma ya mlango, juu ya ndoo ya maji, kwenye mzani. Isome kwa sauti kila asubuhi kwa mwezi mzima. Watoto wataishika kabla yako. Kama kusoma ni shida, mwombe kijana akuwekee Biblia ya sauti kwenye simu, uisikilize ukiwa unaanika.

Hatua ya 5: Tupa nanga

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika makanisani.

Soma Matendo 27 yote kwa kikao kimoja. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi, merikebu ina watu 276. Dhoruba imewapiga siku kumi na nne, hawaoni jua wala nyota. Malaika amemtokea Paulo usiku na kumwambia asiogope. Ahadi ya Mungu anayo tayari. Mabaharia wanapohisi nchi kavu imekaribia, wanapima kina, wanaona kinapungua. Mstari wa 29 unasema walitupa nanga nne za tezi, yaani za upande wa nyuma wa chombo, wakaomba kuche.

Nanga kwanza, kisha wakaomba kupambazuke. Mabaharia wale hawakukaa kuomba huku chombo kinakwenda kwenye miamba. Na Paulo, mwenye ahadi ya malaika, hakuwaambia kwamba nanga ni kukosa imani. Wengine walipotaka kutoroka kwa mashua, alimwambia akida, mkuu wa askari, kwamba hao wasipokaa merikebuni, waliobaki hawawezi kuokoka. Kulipokaribia kucha akawasihi wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Nao wakachangamka, wakala.

Basi rudi kwenye daftari lako. Chini ya ile sentensi ya "Naogopa kwamba", andika nyingine inayoanza na "Leo naweza". Liwe jambo moja dogo ambalo mkono wako unaliweza kabla jua halijazama.

Kama hofu yako ni ziwa, nanga zako zinajulikana. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa upepo na mawimbi wa Ziwa Tanganyika pia. Mtu mmoja kwenye boti apewe kazi ya kuufuatilia kila siku. Kila anayeingia awe na jaketi okozi, na alivae. Likikaliwa kama mto halisaidii kitu. Nyumbani pajulikane wametoka wangapi, wanaelekea upande gani, na wanatarajia kurudi saa ngapi. Mimi kijana wangu aliniambia jaketi linamfanya aonekane mgeni wa ziwa. Nilimjibu kwamba nitafurahi kuwa na mtoto mgeni aliye hai. Siku hizi analivaa.

Kama hofu yako ni ugonjwa, nanga ni kupima. Najua watu waliokaa na kikohozi miezi, wanakiri uponyaji, wanaogopa kuambiwa ni kifua kikuu, wakati kifua kikuu kinatibika na dawa zake zinatolewa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Nenda na mtu, mshikane mkono kwenye benchi, muombe mkiwa mnasubiri majibu. Ukipewa dawa, zimeze hadi mwisho. Mtumishi yeyote anayekwambia utupe dawa ili uonyeshe imani, usimsikilize, hata awe nani.

Kama hofu ni riziki, hapo nina la kusimulia. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ni miezi mitatu, na nyumba yangu yote inakula kwa dagaa. Wiki mbili kabla sikulala. Nilikuwa nimesoma "msisumbukie ya kesho" mara mia, lakini kesho ilikuwa na tarehe. Nikaandika: "Naogopa kwamba Juni watoto watalala njaa." Chini yake nikaandika: "Leo naweza kumuuliza dada yangu bei ya mawese kijijini." Hicho tu. Kesho yake nikaandika jambo lingine. Kufikia ziwa linafungwa nilikuwa na madumu manne ya mawese ya kuuza kwa robo na nusu lita pale nilipokuwa nikiuza dagaa. Hatukunenepa, tulipunguza mlo wa mchana, lakini Juni ilipita. Hofu haikuisha siku niliyouliza bei. Ilipungua kadiri madumu yalivyoisha.

Na niseme ukweli wote, maana Matendo 27 inausema: merikebu ile ilivunjika. Watu wote walifika pwani salama, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao, lakini chombo na shehena vilipotea. Zipo pia boti za hapa kwetu ambazo hazikurudi, na waliokuwamo walikuwa wameombewa na mama zao. Sitakudanganya kwamba ukiamini hakuna kitakachokupata. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza, "Bali kama si hivyo," na hata hapo walikataa kuinamia sanamu ya mfalme. Maneno hayo, "bali kama si hivyo", jifunze kuyasema mbele za Mungu ukiwa umetulia. Kwangu ilichukua miaka, na bado kuna usiku yanagoma kutoka.

Hatua ya 6: Hofu ya kurogwa na ya radi

Nisingekuwa mkweli kama ningeandika juu ya hofu Kigoma na kuliruka hili. Watu wa mikoa mingine wanatutania kwa uchawi, nasi wenyewe tunaogopana. Bundi akilia juu ya mwembe, kesho mtu anamkumbuka jirani aliyemnyima mkopo. Radi ikipiga nyumba, swali la kwanza ni "nani kaituma?"

Nianze na radi, kwa sababu inaua kweli. Ukanda wetu una ngurumo nyingi msimu wa mvua. Radi hupiga kilicho kirefu na kilicho peke yake: mti, nguzo, mtu aliyesimama uwanjani, mtumbwi juu ya maji. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya nyumba imara au gari lenye bodi ya chuma. Toka majini na ufukweni. Usijikinge chini ya mwembe hata mvua iwe kubwa namna gani. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke. Wafundishe watoto hivyo kabla mvua hazijaanza, kwa sababu shule na shamba vipo njiani na miembe ipo kila mahali. Kufanya hivyo ni kutupa nanga. Kisha omba, na usimtafute mtu wa kumlaumu.

Sasa uchawi. Biblia haisemi nguvu za giza hazipo. Inasema Kristo amezishinda, soma Wakolosai 2:15. Hesabu 23:23 inasema, "Hakika hapana uchawi juu ya Yakobo, wala hapana uganga juu ya Israeli." Nimeona Wakristo wanaoimba hayo Jumapili na kwenda kwa mganga Jumanne usiku, wamejifunika kanga. Siwahukumu, hofu ya mtoto anayeumwa inampeleka mtu popote. Lakini angalia unachorudi nacho. Unarudi na jina la mtu. Ulikwenda na hofu moja, umerudi na hofu pamoja na adui, na mara nyingi adui huyo ni bibi wa jirani, mjane, mwenye macho mekundu.

Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu amepika kwa kuni miaka sitini kwenye jiko lisilo na dirisha. Nimeyaangalia macho ya mama yangu mzazi mwisho wa maisha yake, mekundu hivyohivyo, machozi yakimtoka kwa moshi, na niliogopa zaidi watu kuliko mchawi yeyote. Katika mikoa yetu hii ya magharibi na kanda ya ziwa wazee wameuawa kwa hofu ya namna hiyo, na watu wenye ualbino nao. Ndiyo maana nasema hofu isiyoshughulikiwa ni dhambi inayosubiri mkono. Yohana aliandika katika waraka wake wa kwanza, 4:18, kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Lifanye kwa vitendo: yule unayemwogopa, mpelekee kibaba cha unga. Kaa kibarazani kwake dakika kumi. Muulize hali ya mguu. Wiki mbili za hivyo zimewafungua watu wa kundi letu kuliko mikesha.

Tena chunga usibadilishe mganga kwa nabii. Ukiuziwa maji, chumvi, mafuta au kitambaa ili usirogwe, na ukiambiwa kikiisha ununue kingine, basi hofu yako imehamishwa duka. Neema ya Kristo haiuzwi kwa chupa.

Hatua ya 7: Mtafute mtu

Marko anasema usiku ule wa dhoruba vyombo vingine vilikuwako pamoja na kile cha Yesu. Ni maneno machache, lakini sisi wa ziwani tunajua maana yake. Hakuna anayevuka peke yake akapenda.

Chagua watu wawili, si zaidi, wanaojua kunyamaza. Kama kuna kikundi cha maombi ambako siri ya Alhamisi inafika gengeni Ijumaa, usipeleke huko. Mwambie mtu wako ile sentensi ya daftari na ile ya "Leo naweza", akuulize kesho kama umefanya. Ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, usiwe mwepesi wa kusema "amini tu". Sikiliza kwanza, omba mstari mmoja, toa msaada wa mkono ukiweza. Watoto nao wanaogopa: giza, fimbo ya mwalimu, wazazi wanaogombana usiku. Usiwacheke wala kuwatishia kwa mchawi ili walale.

Kina baba, naomba niwaambie kwa heshima. Mmefundishwa kwamba mwanaume haogopi, basi hofu yenu inatoka kwa mlango mwingine, kama hasira na pombe. Yesu Gethsemane aliwaambia wenzake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Kama yeye aliomba kukaa na watu, nawe unaweza.

Hofu ikikaa sana

Kuna hofu ambayo imekuwa ugonjwa, na si aibu. Kama kwa wiki kadhaa hulali, huli, moyo unadunda bila sababu, huwezi kutoka nyumbani, au unaona tena na tena ajali uliyonusurika, nenda hospitali. Hapa Kigoma unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, wakakuelekeza hospitali ya mkoa, Maweni. Wengi wakisikia habari ya akili wanafikiri hospitali ya Mirembe, Dodoma, na minyororo. Siyo hivyo. Mara nyingi ni mazungumzo, na wakati mwingine dawa, na unarudi nyumbani kwako siku hiyohiyo. Endelea kuomba ukiwa unatibiwa.

Kama mawazo ya kujiua yanakujia, usingoje asubuhi. Mwamshe mtu sasa hivi, alale chumba kimoja nawe, kesho mwende hospitali pamoja. Ukiambiwa hivyo na mwenzako, usimwache na mstari wa Biblia peke yake.

Naandika haya jioni, mwezi haupo. Kijana wangu amepita kuchukua taa na chakula chake. Nimemuuliza, "Jaketi?" Akanionyesha, amelivaa juu ya sweta. Tumeomba tumesimama mlangoni, kama nusu dakika, wenzake wanamwita kutoka mwaloni kwenye mitumbwi. Kwenye daftari nimeandika sentensi yangu ya leo, na ni ileile ya miaka yote. Chini yake nimeandika nitakachofanya bati likianza kugonga: nitawasha moto niteleke uji, maana wakirudi watakuwa na baridi.